Simoni Mkirene wa Kigoma: Miaka ya Dhoruba, 1914 hadi 1921



Novemba ni mwezi ambao Mama Kanisa anatualika kuwakumbuka na kuwaombea marehemu wetu. Familia huleta majina ya wazazi, ndugu na watoto waliotutangulia, nayo husomwa mbele ya altare moja baada ya jingine. Tafakari ya juma hili inahusu marehemu ambao majina yao hayaletwi na mtu yeyote. Ni wapagazi na vibarua walioubeba mji wa Kigoma mabegani mwao katika miaka yake ya kwanza, kati ya 1914 na 1921, wakati mji ule ulipozaliwa, ukapigwa mabomu, ukatekwa, ukabadilisha mabwana mara mbili, na hata hivyo ukaendelea kukua.

Wengi wetu wa Kibondo na Kasulu tunaifahamu Kigoma kama mji wa shughuli. Tunashuka kule kufuata ofisi za mkoa, hospitali, treni au boti. Tunaiona stesheni kubwa iliyojengwa na Wajerumani, tunaiona bandari, tunamaliza shida zetu na kurudi milimani. Ni mara chache tunasimama kujiuliza vitu vile vilipatikana kwa gharama ya nani. Naomba juma hili tusimame kidogo.

Mji unazaliwa kwenye ghuba

Kwa miaka mingi mji mkubwa wa upande wetu wa Ziwa Tanganyika ulikuwa Ujiji, si Kigoma. Ujiji ulikuwa mwisho wa njia ya misafara iliyotoka Bagamoyo kupitia Tabora. Burton na Speke walifika hapo Februari 1858, na Stanley alimkuta Livingstone hapo mwaka 1871. Wamisionari wa Afrika, ambao wazee wetu waliwaita Mapadri Weupe, walifika Ujiji Januari 1879. Baadhi yao walivuka kwenda Rumonge, katika Burundi ya leo, na huko, Mei 1881, mapadri wawili na msaidizi wao mlei waliuawa.

Ujiji wa siku zile ulikuwa soko la pembe za ndovu na soko la wanadamu. Mateka kutoka ng'ambo ya ziwa walipitishwa hapo wakielekea pwani. Sehemu kubwa ya nchi ilikuwa na mbung'o walioua ng'ombe na punda, hivyo kila kilichosafiri, iwe nguo, bunduki, pembe au chumvi ya Uvinza, kilisafiri juu ya kichwa au bega la mtu. Huku juu Buha ilikuwa na bami wake, wa Heru, Muhambwe na Buyungu, na watu wetu waliujua mji ule kwa biashara ya chakula, majembe na chumvi. Wajerumani waliweka kituo chao cha kijeshi Ujiji mwaka 1896. Kwa hiyo tunapoanza historia ya Kigoma, tuanze tukijua kwamba mzigo na bega la mwanadamu vilikuwa vimeshaunganishwa zamani.

Reli ndiyo iliyoahidi kuvitenganisha. Ujenzi wa Reli ya Kati ulianza Dar es Salaam mwaka 1905. Ilifika Morogoro mwaka 1907, Tabora mwaka 1912, na Februari 1914 ikafika ziwani, baada ya safari ya kilomita zipatazo 1,250. Haikuishia Ujiji. Maji ya Ujiji ni ya kina kifupi, na meli kubwa haiwezi kukaribia ufukoni. Kilomita chache kaskazini palikuwa na ghuba yenye kina kirefu na iliyokingwa na upepo. Hapo ndipo wahandisi walipochagua. Mahali palipokuwa pa kawaida pakawa kwa ghafla na stesheni, gati, karakana na maghala, na watu wakaanza kumiminika kutafuta kazi.

Matumaini yalikuwa makubwa. Bidhaa za mashariki ya Kongo zingevushwa ziwa na kupelekwa baharini kwa treni. Maonyesho makubwa ya kusherehekea kukamilika kwa reli yalipangwa kufanyika Dar es Salaam Agosti 1914. Mwezi huohuo vita vikalipuka Ulaya, na sherehe haikufanyika. Mji wa Kigoma ulikuwa na umri wa miezi sita.

Vita vinafika ziwani

Ziwa Tanganyika lilikuwa mpaka. Upande wa mashariki walikuwa Wajerumani, upande wa magharibi Wabelgiji wa Kongo, na kusini Waingereza. Aliyekuwa na meli zenye nguvu alilitawala ziwa lote, na mwanzoni mwenye nguvu alikuwa Mjerumani. Agosti 1914 meli yake iitwayo Hedwig von Wissmann iliishambulia na kuiharibu meli ya Wabelgiji, Alexandre Delcommune, upande wa Kongo. Tujue pia kwamba meli hiyo ya Hedwig von Wissmann ilikuwa imefika ziwani vipande vipande miaka kumi na minne kabla, ikiwa imebebwa na wapagazi kwa miguu kutoka Ziwa Nyasa.

Meli kubwa zaidi ilikuwa bado haijaelea. Ilikuwa imeundwa mwaka 1913 huko Papenburg, Ujerumani, katika karakana ya Meyer, kisha ikafunguliwa na kupakiwa katika masanduku yapatayo 5,000. Masanduku hayo yaliletwa Dar es Salaam kwa meli na Kigoma kwa reli. Mafundi watatu kutoka Papenburg, Anton Rüter, Rudolf Tellmann na Hermann Wendt, wakisaidiwa na vibarua wengi Waafrika, waliiunganisha upya kwenye ghuba ya Kigoma. Ilishushwa majini Februari 1915, ikiwa na urefu wa mita zipatazo 70, ikapewa jina la Graf von Götzen. Götzen alikuwa gavana wa koloni hili wakati wa Vita vya Maji Maji, vita ambavyo jeshi lake lilivizima kwa kuchoma vijiji na mazao kusini mwa nchi. Meli iliyojengwa kwa jasho la watu wetu ilipewa jina la mtu huyo.

Waingereza nao walileta boti mbili ndogo za injini, zilizoitwa Mimi na Toutou, chini ya kamanda Geoffrey Spicer-Simson. Zilitoka London kwa bahari hadi Cape Town, zikapanda treni hadi kusini mwa Kongo, kisha zikaburutwa kuvuka milima ya Mitumba kwa mitambo ya mvuke, kwa ng'ombe na kwa mikono ya wanadamu. Ilibidi yajengwe madaraja zaidi ya 100 njiani. Tarehe 26 Desemba 1915 boti hizo ziliikamata meli ndogo ya Wajerumani, Kingani, na tarehe 9 Februari 1916 zikaizamisha Hedwig von Wissmann. Juni 1916 ndege za Wabelgiji zenye uwezo wa kutua majini zilivuka ziwa na kuangusha mabomu kwenye bandari ya Kigoma. Fikirieni hofu ya watu ambao walikuwa ndio kwanza wamezoea kuiona treni.

Wakati huo majeshi ya Kongo ya Wabelgiji, chini ya Jenerali Charles Tombeur, yalikuwa yameshaingia Rwanda na Burundi. Kikosi kimoja, kilichoongozwa na Kanali Olsen, kiliteremka kutoka Burundi kupitia nchi ya Buha. Wajerumani walioko Kigoma waliona wanazingirwa. Julai 1916 waliamua kuizamisha Götzen wenyewe. Mafundi walipaka mitambo yake grisi nzito ili isiharibike, wakaishusha chini taratibu karibu na mdomo wa mto Malagarasi, kisha wakaondoka kwa treni kuelekea Tabora wakivunja madaraja nyuma yao. Mwishoni mwa Julai Wabelgiji waliingia Kigoma, na siku chache baadaye Ujiji. Tabora ilianguka tarehe 19 Septemba 1916. Mji wa miaka miwili na nusu ulikuwa na bwana wake wa pili.

Mabega ya nani?

Hadi hapa nimesimulia kama vitabu vinavyosimulia: meli, makamanda, tarehe. Sasa tuangalie chini ya mizigo.

Jeshi lililoondoka relini halikuwa na magari, wala barabara za magari. Chakula, risasi, mahema, dawa na mizinga vilibebwa na watu. Mzigo wa kawaida wa mpagazi ulikuwa takriban kilo 25. Lakini mpagazi naye anakula. Kila siku anayotembea, sehemu ya chakula alichobeba inaliwa na yeye mwenyewe na wenzake. Safari ikiwa ya siku nyingi, wanahitajika wapagazi wa kuwabebea chakula wapagazi. Ndiyo maana kila askari mmoja aliyekuwa mstari wa mbele alikuwa na watu kadhaa nyuma yake ambao hawakuwa na bunduki.

Hesabu yake inatisha. Katika vita vyote vya Afrika Mashariki, kuanzia 1914 hadi 1918, Waingereza peke yao walitumia wapagazi wapatao 1,000,000. Kumbukumbu zao wenyewe zinataja vifo vya wapagazi zaidi ya 90,000, na wanahistoria wanakubaliana kwamba hesabu hiyo ni pungufu. Wabelgiji walitumia wapagazi zaidi ya 200,000. Wajerumani nao waliwachukua watu kwa wingi, na kwa wapagazi wao hawakuacha kumbukumbu za kuaminika. Vita vya Ulaya vilivyoletwa kwetu vilipigwa kwa miguu yetu.

Wengi wao hawakufa kwa risasi. Walikufa kwa kuhara damu, kwa homa ya mapafu, kwa malaria na kwa njaa. Mtu wa milima ya Buha, penye baridi, penye mwinuko wa zaidi ya mita 1,500 katika sehemu nyingine, aliteremshwa kwenye mabonde ya joto ambako mwili wake haukuwa na kinga dhidi ya malaria. Aliyezoea ndizi, maharage na mtama alipewa unga asioujua, mara nyingi bila muda wala kuni za kuupika ukaiva. Alilala nje mvua ikinyesha, na asubuhi akabebeshwa tena. Aliyeanguka aliachwa njiani, na mzigo wake akapewa mwingine.

Na walipatikanaje? Baadhi walijitolea kwa ajili ya ujira. Wengi walichukuliwa. Mwami au jumbe aliambiwa atoe idadi fulani ya wanaume, na akishindwa, askari walikuja wenyewe. Walipopita Wajerumani walichukua watu na ng'ombe. Walipopita Wabelgiji walichukua watu na ng'ombe. Mkulima wa Buha hakuulizwa yuko upande gani. Nyumbani wanawake walibaki na mashamba yasiyo na mikono ya kutosha, na ghala ambalo jeshi limeshapita humo. Kisha, mwaka 1918 na 1919, ikaja ile homa kali ya mafua iliyoizunguka dunia nzima, ikifuata njia zilezile za meli, reli na wapagazi wanaorudi makwao. Vita vilikoma rasmi katika nchi zetu Novemba 1918, Wajerumani walipoweka silaha chini huko Abercorn, ambako leo panaitwa Mbala, kusini mwa ziwa letu. Kwa familia nyingi hapakuwa na tarehe ya kukoma. Palikuwa na mtu ambaye hakurudi, na hapakuwa na barua ya kueleza amelala wapi.

Bwana wa pili, bwana wa tatu

Wabelgiji walitawala Kigoma, Ujiji na Buha kwa karibu miaka mitano. Walitumaini kubaki. Kigoma ilikuwa na thamani kubwa kwao: tangu 1915 walikuwa na reli iliyofika upande wao wa ziwa, mahali ambapo baadaye waliita Albertville na leo tunapaita Kalemie, na kwa kuvusha mizigo hadi Kigoma waliweza kufika Bahari ya Hindi. Lakini Mei 1919 wawakilishi wa Uingereza na Ubelgiji, Milner na Orts, walikubaliana mezani huko Ulaya. Rwanda na Burundi zikaenda kwa Ubelgiji. Sehemu nyingine ya koloni ikaenda kwa Uingereza. Machi 1921 Kigoma na Buha zilikabidhiwa kwa Waingereza. Wabelgiji waliachiwa maeneo yao maalumu katika bandari ya Kigoma na ya Dar es Salaam, kwa kodi ya faranga moja tu kwa mwaka. Wafanyakazi wa bandari waliyaita Belbase.

Mpaka kati yetu na Burundi, ambao leo tunausemea kana kwamba uliumbwa pamoja na milima, ulipata uzito wake siku zile. Kabla ya hapo misheni ya Muyaga, iliyoanzishwa mwaka 1898 ng'ambo tu ya Kibondo, ilikuwa katika koloni moja na sisi. Baada ya karatasi kusainiwa, jamaa waliokuwa wakiooana na kuuziana majembe wakawa raia wa mataifa mawili yasiyowajua.

Waingereza walifuta utumwa kisheria katika Tanganyika mwaka 1922. Ni jambo la kumshukuru Mungu, na waliofaidika kwanza ni pamoja na watu wa Ujiji. Hata hivyo bega la mtu wa Buha halikupumzika. Kodi ilidaiwa kwa fedha, na huku kwetu fedha hazikuwepo. Vijana wakateremka Kigoma, wakapanda treni, wakaenda kukata mkonge Morogoro na Tanga. Waliitwa manamba, kwa sababu kila mmoja alipewa namba, na msimamizi alimwita kwa namba hiyo. Reli iliyojengwa kwa ahadi ya kumpunguzia mwanadamu mzigo ikawa njia ya kumpeleka mbali zaidi kuubeba.

Kilichoandikwa na kisichoandikwa

Ndugu zangu, angalieni majina tunayoyafahamu kutoka katika kisa hiki. Tunayafahamu majina ya meli zote. Tunayafahamu majina ya makamanda wa pande tatu, na ya mafundi watatu wa Papenburg. Hata boti mbili ndogo za Mwingereza zina majina, tena ya utani. Riwaya iliandikwa Uingereza mwaka 1935 kutokana na vita vya ziwa hili, na mwaka 1951 ikawa filamu, The African Queen, iliyoangaliwa dunia nzima. Lakini nitajieni jina la mtu mmoja wa Heru au Muhambwe aliyebeba mzigo wakati Wabelgiji wanateremka Kigoma.

Kumbukumbu iliyobaki ya wapagazi iko katika majina ya mahali. Kariakoo ya Dar es Salaam imetokana na maneno ya Kiingereza ya kikosi cha wapagazi, Carrier Corps, waliopiga kambi hapo. Nairobi nayo ina Kariokor yake. Watu milioni moja wameacha jina la soko, na wengi wanaonunua sokoni humo hawajui wanatamka nini. Mwaka 1927 iliwekwa Dar es Salaam ile Sanamu ya Askari. Wapagazi wanatajwa katika maandishi ya chini, lakini aliyesimama juu na bunduki yake ni askari. Nairobi angalau walimsimamisha mpagazi pamoja na askari.

Hapa ndipo Injili inapotufundisha njia nyingine ya kuandika historia. Katika Njia ya Msalaba, kituo cha tano, tunakutana na Simoni Mkirene. Mazingira yake tunayafahamu vizuri sana. Nchi iko chini ya utawala wa kigeni. Askari wana mzigo ambao hawataki kuubeba wenyewe. Anapita mtu kutoka shambani, mgeni, Mwafrika wa kaskazini, asiyehusika na kesi ile kwa namna yoyote. Wanamkamata na kumlazimisha abebe. Kwa askari wale Simoni alikuwa bega tu, na kama habari ingeandikwa na ofisi ya Pilato, asingetajwa kabisa.

Lakini Wainjili watatu wamemtaja kwa jina na kwa nchi yake. Marko amekwenda mbali zaidi na kuwataja watoto wake, Aleksanda na Rufo, kana kwamba anawaambia wasomaji wake kwamba watoto wa mtu yule wanafahamika katika jumuiya. Kanisa changa, maskini, lisilo na maktaba, liliona kwamba mpagazi aliyelazimishwa anastahili kukumbukwa kwa jina, pamoja na wanawe. Hilo lilikuwa tendo la haki.

Sisi tusiseme kwamba wapagazi wa Kigoma walikuwa mashahidi wa imani, wala tusiyapambe mateso yao. Hawakuyachagua, na waliowatesa walitenda dhambi. Tunachoweza kusema ni kwamba Kristo aliyeshiriki mzigo wake na mtu aliyelazimishwa hawezi kuwa mgeni kwa yeyote aliyeanguka kando ya Malagarasi na mzigo wa mtu mwingine kichwani. Mungu anayo majina yao. Swali ni kwa nini sisi hatuna.

Meli ileile

Kisa hiki kina mwendelezo ambao wengi wenu mliushuhudia. Ile Götzen iliyozamishwa mwaka 1916 haikuoza. Waingereza waliiinua kutoka chini ya maji mwaka 1924, na kwa sababu ya ile grisi ya mafundi, mitambo yake ilifufuka. Mwaka 1927 ilianza safari tena ikiwa na jina jipya, Liemba, jina la kale la ziwa. Jina la gavana wa Maji Maji lilifutwa, na meli ya vita ikawa meli ya wauza dagaa, wanafunzi, wagonjwa na akina mama wenye matenga.

Mei 2015 makumi ya maelfu ya watu waliokimbia ghasia za Burundi walikwama katika kijiji cha Kagunga, mpakani kabisa, katikati ya ziwa na mlima. Hapakuwa na barabara. Kipindupindu kikaingia. Meli iliyotumwa kuwachukua ilikuwa Liemba, miaka 100 kamili tangu iliposhushwa majini. Hakuna gati pale Kagunga; watu walipelekwa kwa mitumbwi hadi ubavuni mwa meli, wakapanda, wapatao 600 kwa safari moja, hadi Kigoma. Wakapumzishwa katika Uwanja wa Lake Tanganyika, kisha wakapelekwa Nyarugusu. Nyarugusu ilipofurika, Oktoba mwaka huohuo, kambi ya Nduta hapa kwetu ilifunguliwa upya, na kufikia 2017 ilikuwa na watu zaidi ya 100,000. Ulikuwa mji kamili, uliozaliwa kwa ghafla kuliko Kigoma.

Tunajua kwamba jambo hilo halikuwa rahisi. Palikuwa na malalamiko juu ya kuni, mashamba na usalama, na mengine yalikuwa na msingi. Lakini katika kambi kila mtu hupewa kadi na namba. Namba ni ya lazima kwa mgawo wa chakula, wala simlaumu aliyeiandika. Ila babu zetu waliokwenda kwenye mkonge wangetuambia hatari iliyomo, siku namba inapobaki na jina likapotea. Nani kati yetu alijifunza jina la Mrundi aliyelima kibarua katika shamba lake? Nani analijua jina la kijana anayembebea gunia pale stendi, tunayemwita kwa kupiga mluzi?

Tufanye nini?

Napendekeza mambo mawili mepesi kwa Jumuiya zetu Ndogo Ndogo.

La kwanza, mwezi huu kila Jumuiya iwatembelee wazee wake. Wale waliobeba mizigo ya vita ile hawapo tena, na watoto wao karibu wote wametangulia. Wamebaki wajukuu, ambao baadhi walisikia habari zile wakiota moto jikoni. Waulizeni: katika ukoo wenu nani alichukuliwa wakati wa Wajerumani au Wabelgiji? Nani alijenga reli? Nani alikwenda manamba na hakurudi? Andikeni jina, kijiji, na majina ya watoto, kama alivyofanya Marko. Daftari litakuwepo ofisi ya parokia. Majina yatakayopatikana yatasomwa katika Misa ya kuwaombea marehemu, na daftari litahifadhiwa pamoja na vitabu vya ubatizo. Tukichelewa miaka kumi, hatutakuwa na wa kumuuliza.

La pili, tumwite kwa jina kila anayetubebea mzigo. Ni jambo dogo, lakini ndipo haki inapoanzia. Mtu tunayemjua jina ni vigumu kumpunja ujira wake, na ni vigumu zaidi kumwacha njiani anapoanguka.

Miji hukua, na kila unapokua yupo anayeubeba. Kigoma ya leo ina watu zaidi ya 200,000, na wengi wao ni watoto wa watu waliofika pale na mzigo wa mtu mwingine. Safari ijayo mtakaposhuka kule na kupita mbele ya ile stesheni, fanyeni ishara ya msalaba kwa ajili yao.

Raha ya milele uwape ee Bwana, na mwanga wa milele uwaangazie. Wapumzike kwa amani. Amina.

Tumsifu Yesu Kristo!